Mlango wa Upande wa Barabara

Majengo,
Nyeri.
Tarehe 9 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Junaid,

Assalaam aleikum. Kabla ya neno lolote nakujulia hali. U mzima? Kile kifua chako kinakubaliana na baridi ya huko, au bado unakohoa kila ukipanda ngazi kama mzee wa miaka themanini? Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Lakini wewe umekulia nyumba hii, unajua mtu wa kwetu akisema "tuko" kisha akanyamaza, kuna neno amelikalia. Vumilia kidogo, nitalifikia.

Mvua imeshika kwelikweli. Mlima hatujauona tangu mwezi wa nne uingie, ni ukungu mtupu, na nguo zikianikwa asubuhi zinaanuliwa jioni zikiwa zimelowa kuliko zilivyoanikwa. Salwa wa kaka Mukhtar amemaliza mitihani, sasa amerefuka kunipita mimi na anajibu watu kwa ufupi. Paka wako yupo, amezeeka, bado ni mwizi.

Barua hii unaletewa na Rowda, binti wa mzee Guled wa Nanyuki, yule mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akimletea marehemu Baba mbuzi wa Idi. Anakwenda kwa mumewe huko huko Rotterdam, na amekubali kukutafuta. Nimempa pia majani ya chai, binzari na pilipili ya Mama ya kusaga. Tafadhali usimwambie Rowda kwamba chakula chako cha jioni ni mkate na jibini. Mtu wa Nanyuki atakuonea huruma hadi akuaibishe.

Utajiuliza kwa nini karatasi, na simu ninayo. Simu ya nyumba hii haina siri. Kwenye kundi letu la familia yuko kaka Mukhtar, na nikikupigia, Mama huvuta kiti akasogea. Nina jambo ambalo sitaki ulisikie nusu.

Uliniuliza mara ya mwisho, Mama ana nini? Mbona akishika simu haulizi tena umekula nini wala kazi ikoje, anauliza tu, "Leo umetoka na baiskeli?", ukisema ndiyo ananirudishia simu na kuondoka? Nikakujibu ana mafua. Hana mafua, Junaid. Anakuogopea, na hofu yenyewe ina chanzo chake.

Unamkumbuka Theuri? Ulipoondoka alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Ni mwana wa Gathoni wa Kamakwa, yule mama aliyetuletea maziwa tangu tukiwa wadogo. Mama mtu magoti yalipoanza kumsumbua, kijana alinunua baiskeli, akafunga mitungi ya maziwa pande zote mbili nyuma, na asubuhi na jioni tukawa tunamjua kwa kengele. Ile kengele alikuwa akiipiga tangu kona ya juu, mpaka mtaa mzima unatoa sufuria. Kijana mpole. Ukimwambia jana maziwa yalikuwa na maji, anacheka, anasema labda ng'ombe alinyeshewa.

Sasa, mwezi uliopita tulikwenda Mweiga kumwona shangazi Safa, ambaye mguu wake unaendelea vizuri na ulimi wake vizuri zaidi. Tulirudi alasiri. Kaka Mukhtar alikuwa akiendesha, mimi nimekaa mbele kando yake nikiwa nimepakata kikapu cha viazi vya shangazi, na Mama nyuma ya dereva, mahali pake pa siku zote.

Na unamjua Mama. Sahani kwa mkono wa kulia, kiatu cha kulia kwanza, mguu wa kulia kwanza kizingitini. Kwake kushuka garini kwa upande wa kushoto ni kama kumpa mgeni chai kwa mkono wa kushoto. Juu ya hayo kuna mtaro. Ule mtaro wa barabara yetu maji yameula hadi umekuwa shimo la kuzikia ng'ombe, na mvua za mwaka jana jirani yetu Nyawira alitumbukia humo akishuka kwenye gari, akavunjika nyonga. Kwa hiyo Mukhtar huegesha magurudumu ya kushoto ukingoni kabisa mwa mtaro, na Mama hushukia upande wa barabara, kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia, na Bismillahi. Miaka yote. Sote tuliona ni uchaji wake na hakuna aliyemwambia neno.

Siku hiyo nilisikia Bismillahi, kisha kitasa, kisha kengele. Kengele ilikuwa karibu mno.

Baiskeli ilibaki mlangoni. Theuri hakubaki. Alipita juu ya mlango akaangukia bega na kichwa, mbele ya lori la mawe lililokuwa likipanda. Dereva wa lori alikanyaga breki, nikasikia mawe yakigongana kule nyuma, na gurudumu likasimama kando ya kijana. Hakukanyagwa, alhamdulillahi, lakini mguu wake ulikuwa umekwisha kuvunjika kwenye ukingo wa mlango, kwa namna ambayo sitaiandika. Mitungi ilipasuka. Maziwa yakateremka juu ya lami hadi mtaroni, na mbwa wa sokoni wakaja kuyaramba wakati sisi bado tunapiga kelele.

Mama alikuwa amekaa vilevile, mguu mmoja nje, mkono wa kulia bado kwenye kitasa. Nilimwita, hakunisikia.

Kabla hata kijana hajainuliwa, watu walishaanza kesi. Nyeri hakuna anayekosa shahada ya sheria ajali ikitokea. Yule Dedan wa bodaboda, unayemjua kwa mdomo wake, alifika wa kwanza.

"Hii ni makosa ya dere!" akasema. "Unaparki aje hapa kwa mteremko, na unajua uko na mzee nyuma?"

Mwai, mshona viatu wa pale kona, akakataa. "Dere amefanya nini? Gari ilikuwa imesimama. Ni mathe alifungua bila kuangalia nyuma."

"Wewe, heshimu mama ya watu."

"Heshima si ni kusema ukweli? Niliona na macho yangu. Mlango ilifunguka tu hivi, pap, na kijana alikuwa ashafika."

Mwingine, hata simjui, akadakia kwamba ati baiskeli ndiyo iliyokuwa na mwendo mbaya, mteremko kama ule unashika breki. Na mwingine akalaumu serikali kwa ajili ya mtaro. Wakarushiana lawama kama watoto wanaorushiana kiazi cha moto, na Theuri yuko chini, mashavu yake yamekuwa na rangi ya majivu, anauliza kama maziwa yamemwagika yote.

Askari alipokuja, kaka Mukhtar akamwahi. Nataka ulijue hili kutoka kwangu, kwa sababu yeye hatakuambia. Alimwambia askari kwamba gari lilikuwa limesimama zamani, mlango uko wazi, Mama ameshashuka na amesimama kando, na kijana akaja kasi akauvaa mlango. Alisema vizuri, bila kugugumia. Askari akamgeukia Mama, akauliza, "Ni hivyo, mama?" Mama akamtazama Mukhtar, akainamisha kichwa. Kule kuinama kukachukuliwa kuwa ndiyo. Mimi nilikuwa bado nimekwama garini upande wa mtaro na viazi vyangu, nasikia yote ila sina pa kukanyaga, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumpandisha Theuri kwenye gari la kumpeleka hospitali.

Jioni nilimkabili Mukhtar. Nikamwambia, kaka, umesema uongo juu ya mtoto wa watu. Akaniambia nipunguze sauti. Akasema, "Unataka Mama apelekwe kortini na umri huo? Akae kwa benchi na wezi wa kuku? Theuri atapona. Maneno hayavunji mtu mfupa." Nikamjibu kwamba mfupa umeshavunjika, na kijana akiandikwa kuwa mwenye kosa hakuna atakayemsaidia, atalala pale na mguu wake na aibu isiyo yake. Tukaachana kwa hasira. Mkuki kwa nguruwe. Angekuwa ni Salwa aliyetupwa na mlango, Mukhtar angekuwa amekwisha kuuangusha mji.

Unaweza kudhani jambo hili ndilo lililombadilisha Mama. Bado.

Asubuhi ya pili tulisikia hodi. Nilifungua nikamkuta Gathoni. Amekuja kwa miguu kutoka Kamakwa, kwenye tope, na magoti yale, mtungi mgongoni kwa mkanda kipajini na kopo la kupimia mkononi. Nilidhani amekuja kututukana, na ningemstahi. Akasema tu, "Mama Mukhtar, lete sufuria."

Mama akatoka. "Mama Theuri," akasema, "umekuja kwa miguu? Na mtoto yuko hospitali?"

"Ng'ombe haijui mambo ya hosipitali," Gathoni akasema. "Asubuhi ikifika inataka kukamuliwa. Na nikikosa kuleta, watu watatafuta mwingine."

Akapima. Akaongeza na ile nyongeza ya Mama ya siku zote, kidogo juu ya kipimo. Akafunika mtungi, akaenda nyumba ya pili. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Haulizi kitu, halaumu, hakai. Anapima maziwa na kuongeza nyongeza. Mimi nakuambia Junaid, ningependa angetupiga jiwe.

Mama hakuyanywa yale maziwa. Alimkataza Salwa kuyatia kwenye chai. Akawa anayapokea kwa heshima zote, anayafunika, anayaweka jikoni, na kesho anapokea mengine. Sufuria zote za nyumba zikajaa, maziwa yakaganda, harufu ya mala ikafika hadi chumba cha wageni. Nikimwambia nimwage, ananitazama kana kwamba nimesema nimmwage mtoto.

Kisha siku moja Gathoni, baada ya kupima, hakuondoka mara moja. Alisimama mlangoni akiangalia ndani, pale ukutani ilipo picha yako. Ile uliyotutumia mwaka jana, wewe na baiskeli yako na lile sanduku la chakula mgongoni, unacheka, meno yote nje, na nyuma yako ile barabara nyembamba yenye magari yaliyopangwa.

"Askari aliniambia vile mlisema," Gathoni akasema. "Ati mlango ilikuwa imefunguliwa kitambo. Mimi sijui, sikukuwa hapo. Wewe ndio ulikuwa."

Mama akafunika sufuria. Gathoni akaielekeza picha kwa kidevu.

"Huyo ni kijana yako wa majuu, si ndio? Hiyo ni baiskeli anaendesha?"

"Ndiyo," Mama akasema. "Ndiyo kazi yake."

"Basi Mungu amuangalie," Gathoni akasema. "Huko pia kuna magari."

Akachukua mtungi wake akaenda.

Tumelijadili neno hilo hadi limechakaa. Mukhtar anasema ni laana, ametulaani wazi mchana, na aliyekuja kulaani watu mlangoni kwao hana haki tena. Mimi nasema huenda ni dua ya kweli, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye anajua. Mama hasemi ni dua wala laana. Alikwenda akaitoa picha ukutani, akaja nayo dirishani penye mwanga, akavaa miwani. Akayaangalia yale magari nyuma yako moja baada ya jingine kwa kidole. Halafu akaniuliza, "Mwanaisha, katika haya, ni lipi lina mtu ndani?"

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nimeitazama ile picha mara ngapi nami sikuwahi kuyaona magari. Sasa siioni sura yako, naona milango tu.

Tangu siku hiyo ndipo akaanza kukuuliza kama umetoka na baiskeli. Ana hakika, na huwezi kumtoa hapo, kwamba mahali fulani katika mji wenu kuna gari limeegeshwa, na ndani kuna mtu mwema, mcha Mungu, pengine mama wa watu kama yeye, ameshaweka mkono kwenye kitasa, na wewe bado hujafika tu. Kengele yoyote ikipita barabarani, anasimama. Chakula anakiacha. Hata kama mtu hapendi mambo ya ndoto na ishara, na mimi sipendi, nyumba ikishakaa hivyo wiki kadhaa unaanza kushusha sauti bila sababu.

Nikamwita ustadh aje amtulize. Ustadh akamwambia, "Mama, sunna iko kwa mguu, haiko kwa mlango wa gari. Na mkono wa kushoto pia ameuumba Mungu." Mama akamsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai ya rangi. Alipoondoka akaniambia, "Sikumuuliza habari za mkono. Nilimuuliza habari za mtoto wa mtu, hakunijibu."

Hapo ndipo nikalikumbuka jambo ulilotusimulia ulipokuja likizo, na tukakucheka. Kwamba huko watu wanafundishwa kufungua mlango wa gari kwa mkono ulio mbali na mlango, ili mwili ugeuke wenyewe na macho yaangalie nyuma kabla mlango haujasogea. Nilimwambia Mama, nikidhani nampa kitu cha kumfariji. Akafikiri, akanyoosha mikono yake miwili mbele yake akaiangalia. Kwake yeye aliyekaa nyuma ya dereva, mkono ulio mbali ni wa kushoto.

Junaid, yule mama hajawahi kupokea wala kutoa kitu kwa mkono ule maisha yake yote. Mchana mmoja nilimkuta chumbani mbele ya kabati, amekaa kwenye kiti ubavu kwa mlango wa kabati, anajifunza. Anapeleka mkono wa kushoto, anageuza shingo, anaangalia nyuma, anafungua. Anafunga. Anaanza tena. Machozi yanamtoka na hayafuti. Nilirudi nyuma taratibu, nikaenda jikoni nikalia kwangu.

Jumanne ya wiki hii alivaa buibui lake jeusi la kwendea matanga, akamwambia Mukhtar, "Nipeleke kwa askari." Mukhtar akajaribu kumchelewesha, mara gari lina hitilafu, mara askari hayuko. Mama akasema basi atakwenda kwa bodaboda ya Dedan. Hiyo ikammaliza Mukhtar.

Kituoni alisimama mbele ya meza, akakataa kiti. Akasema, "Mlango niliufungua mimi. Sikuangalia nyuma. Kijana alikuwa anapita njia yake na alipiga kengele. Mwanangu alisema vile kwa kunihurumia." Askari akaanza kuandika upya. Akatuambia tutaitwa, na kwamba Mama ataulizwa, na dereva naye ataulizwa aliegesha vipi, na pia kwa nini alidanganya. Hatujui litafikia wapi. Mukhtar tangu hapo anatuendesha lakini hasemi nasi. Namhurumia pia, kwa sababu alilofanya alilifanya kwa mapenzi, ila mapenzi yake yalikuwa yanamkanyaga mtu.

Ukiniuliza mimi kosa ni la nani, na najua utaniuliza kwa sababu wewe ndiye unayepita kando ya milango hiyo, nakuambia aliyeshika kitasa ndiye wa kwanza. Sisi tuliojua anashukia barabarani tukanyamaza ni wa pili. Theuri hayumo.

Jumatano Gathoni alikuja na maziwa. Mama alikuwa ameshatoka anamngoja kibarazani. Hata hakumpa nafasi ya kutua mtungi. "Mama Theuri, ni mimi nilifungua. Sikuangalia. Jana nimekwenda kumwambia askari."

Gathoni akatua mtungi, akanyoosha mgongo. "Najua," akasema. "Theuri aliniambia siku ile ya kwanza, tu kule kwa kitanda."

"Ulijua? Na ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa nangoja wewe."

Mama akashika nguzo ya kibaraza. Akauliza mguu unaendeleaje. Gathoni alikuwa ameinama anafungua mfuniko, akajibu kwa sauti ile ile anayosemea maziwa. "Wataikata Jumatatu. Daktari alisema imeoza ndani."

Sikujua niangalie wapi. Mama akasema, "Nisamehe." Gathoni akasema, "Ngoja kwanza atoke kwa hiyo chumba." Akapima maziwa, akaongeza nyongeza. Siku hiyo Mama akayachemsha, akajimiminia kikombe, akakinywa chote huku amesimama, kama mtu anayekunywa dawa.

Kwa hiyo ndiyo hali. Jumatatu haijafika. Sikuombi uache kazi, najua kazi ndiyo inayokuweka huko na wewe si mtoto. Nakuomba upite mbali na magari yaliyosimama. Wakikupigia honi nyuma kwamba umewazibia njia, waache wapige. Na kila siku ukirudi, kabla hujavua viatu, mpigie Mama umwambie umefika. Usimwulize neno lolote katika haya niliyokuandikia, mwambie umefika tu.

Leo baada ya Ijumaa tulikwenda hospitali kumwona Theuri. Mukhtar aliegesha ndani ya uwanja wa hospitali, pahali pakavu, hakuna mtaro, hakuna mteremko, hata watu ni wachache kwa sababu ya mvua. Mama akapeleka mkono wake wa kushoto, akageuka mwili mzima, akafungua mlango upana wa kiganja, akaangalia nyuma. Kisha akatulia hivyo. Mvua inaingia.

Nikasema, "Mama, shuka, hakuna mtu."

"Ngojeni," akasema. "Kuna baiskeli inakuja."

Mukhtar akaangalia kwenye kioo, akageuka akaangalia kwa macho yake. Uwanja ulikuwa mtupu hadi langoni. Akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwetu tangu Jumanne, "Mama, hakuna baiskeli."

"Ipo," Mama akasema. "Bado iko mbali. Iacheni ipite."

Tukangoja, Junaid. Mimi na Mukhtar na viazi vya mgonjwa vikipoa mapajani mwangu, hakuna aliyethubutu kumharakisha, hadi Mama mwenyewe aliposema kwamba wewe umeshapita. Ndipo akashuka.

Shangazi Safa anakusalimu na anauliza utaoa lini. Salwa anakusalimu kwa ufupi wake. Jirani Nyawira, sasa anatembea na mkongojo, anasema ukija umletee sweta. Kaka Mukhtar hajui kama nakuandikia, lakini najua angekusalimu, kwa hiyo pokea na salamu zake. Mama amelala kidogo, sikumwamsha. Msalimie Rowda na mumewe, uwashukuru kwa kuubeba mzigo huu.

Mwenyezi Mungu aushikilie kila mlango ulio mbele yako mpaka uwe umekwisha kupita. Amin.

Ni mimi dadako akupendaye na anayeingoja simu yako,

Mwanaisha